Kompyuta ya Baba na Mchezo wa Mama

Wakati sisi tunakua, kompyuta ilivaa nguo. Mnacheka? Chekeni, lakini wewe uliyekulia Kisauni, Likoni au Changamwe miaka ile wajua nisemalo. Skrini ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, chenye maua pembeni. Kibodi ilikuwa na chake. Hata mausi, kadude kadogo vile, kalishonewa kimfuko. Ukitaka kuiwasha waivua nguo kwanza, wazikunja, wazitia kitini, na ukimaliza waivalisha tena. Viatu waacha mlangoni. Leo nikiwaona vijana wanakula viazi vya karai juu ya laptop, ukwaju wadondokea kwenye herufi, wallahi moyo waniuma.

Mimi ni mtoto wa Bombolulu. Nyumba yetu ilikuwa ile ya Kiswahili, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani kwa nyuma. Vyumba vya mbele tulikaa sisi: Baba, Mama, Bibi mzaa Baba, kaka yangu Swaleh na mimi. Vya nyuma vilipangishwa. Asubuhi tulikwenda skuli, mchana chuoni kusoma Kurani, na alasiri ilikuwa yetu: wasichana tunaruka blada, ile kamba ya mpira, mpaka magoti yanatoka vumbi, wavulana na gololi zao, midomo yetu sote myekundu kwa mabuyu. Mama akikuita mara moja tu, "Mwanaisha!", unaitika "Abee!" hata ukiwa mtaa wa pili. Siku hizi naita mtoto aliye chumba cha pili, mpaka nimpigie simu.

Baba alikuwa fundi wa mafriji na mashine za baridi. Mshahara hakuwa nao. Leo anarudi na samaki changu mzima mkononi na mkate wa mofa wa moto, kesho anarudi na bisibisi zake tu. Basi kila mwezi ukikaribia kwisha, kodi ya stima na ada za skuli zikija pamoja, maneno yalikuwa yale yale. Baba anasimama ukumbini na kuuliza, "Pesa zimekwenda wapi katika nyumba hii?" Na Mama anamjibu kutoka jikoni, bila hata kugeuka, "Zimeingia tumboni mwako." Hapo Swaleh na mimi tunatoka mbio, kwa sababu baada ya hapo hakuna mtoto anayesalimika.

Siku kompyuta ilipoingia nyumbani, nilikuwa juu ya ukuta nachuma mapera ya jirani. Nikaiona teksi inasimama mlangoni, na ndani Baba amepakata kitu kimefungwa shuka, amekikumbatia kama bibi harusi. Alikuwa ametoka kutengeneza mashine za baridi kwenye ofisi moja kule Changamwe, karibu na uwanja wa ndege. Ofisi ile ilikuwa inahama, pesa taslimu hawana, wakamwambia achague moja katika kompyuta zao kuukuu iwe ndiyo ujira wake. Baba alikubali papo hapo. Niliruka ukutani bila kujua nimeruka, mapera yakamwagika, na nilikuwa nikipiga kelele, "Kompyuta! Kompyuta!" mpaka mtaa mzima ukatoka.

Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umekwenda kuchukua haki yako, umerudi na televisheni isiyoonyesha hata taarifa ya habari?"

"Hii ni kompyuta, Zuhura."

"Aka! Inakaangwa ama inachemshwa?"

Bibi, aliyezungumza Kimvita cha asili mpaka mwisho wa uhai wake, yeye hakugombana na mtu. Alisema, "Iletani hapa niione kwa mato yangu," akaizunguka, akasema mashallah, akaenda kuleta chetezo akaifukiza ubani pande zote nne. Moshi ukaingia kwenye vitundu vya nyuma. Ndiye pia aliyeifumia zile nguo, na kila nguo ikiisha akaanza nyingine ya Ijumaa.

Lakini furaha yetu ilikuwa na mdudu ndani yake. Habari zilifika Kongowea, na kule kulikuwa na Bwana Karama, mwenye duka la kupiga chapa barua. Akaja na pesa mfukoni, akasema yuko tayari kuinunua. Mama alitaka iuzwe siku ile ile. Sisi watoto tulilia, tena si kilio cha utani. Swaleh alikuwa ameshaanza kidato cha kwanza na alishawaambia darasa zima kwamba kwao kuna kompyuta. Mimi nilikuwa darasa la saba, na kila nikitoka skuli nilikuwa nikienda kuigusa tu, nihakikishe bado ipo. Baba akatutazama, akamtazama Mama, akapitisha hukumu.

"Kompyuta kazi yake ni hesabu. Ikiweza kutuambia mwezi huu pesa zetu zimekwenda wapi, itakaa. Ikishindwa, Karama aje na mkokoteni wake."

Basi. Uhai wa kompyuta yetu ukawa umetundikwa hapo. Katika vyumba vya nyuma alikuwa akiishi mpangaji wetu, Mwalimu Mutua, mtu wa Ukambani, aliyefundisha kompyuta kwenye taasisi moja ndogo mjini. Mtu mpole, ana adabu, shati lake limepigwa pasi mpaka waweza kujikata nalo. Tulimvamia hata chai hajanywa. Akatueleza kwamba kompyuta peke yake haijui hesabu za nyumba, yataka itiwe programu, na programu ziko nyingi, kila moja na tabia yake. Kesho yake akatuletea CD tatu za kuazima, akasema tuzijaribu, tuchague. Tulichagua! Nyinyi mliochagua bibi harusi hamkuchagua kwa makini kama sisi.

Ile ya kwanza ilikuwa na rangi nzuri na ilipofunguka ilipiga muziki, nikaipenda hapo hapo. Ikaanza kutuhoji. Mwalimu anatafsiri, Baba anajibu, amevaa kanzu yake nyeupe kama yuko mbele ya kadhi. Mshahara waingia tarehe ngapi? Baba akasema, mwambie waingia Mungu akipenda. Programu haikubali, yataka tarehe. Mbwa wenu anatumia kiasi gani kwa mwezi? Bibi akasema astaghfirullah. Ikauliza gharama za kuondoa theluji mlangoni, na hapo Swaleh akaanguka chini kwa kicheko, kwa sababu ilikuwa Machi, joto lile la Machi mwalijua, hata kuku walikuwa wamelala chini ya kitanda. Baba akasema, "Huyu hatujui. Mtoeni."

Ya pili ilikuwa na akili zaidi. Hiyo haikuuliza mambo ya mbwa. Lakini kila ukiandika pesa kidogo, inakuonyesha ukiziweka benki zitazaa kiasi gani, na kwa miaka mingi zitakuwa zimezaa wajukuu. Mwalimu Mutua, masikini ya Mungu, akaisifu kwa moyo safi, akasema hii inahesabu riba vizuri sana. Loo! Bibi alikuwa pembeni na uradi wake, akainuka kama mtu aliyeumwa na siafu. "Riba? Ndani ya nyumba yangu? Kitoeni!" Mwalimu akajaribu kueleza kwamba sehemu ile yaweza kuzimwa. Haikusaidia. CD ile ilitolewa hata barazani isikae, na Mwalimu ikabidi aje kuichukua njiani, nje ya mlango.

Ikabaki ya tatu, na sisi watoto tumeshika roho mkononi. Hiyo haikuwa na muziki wala haikuwa na picha. Ilikuwa na meza tupu, na mafungu ambayo unayapa majina mwenyewe. Unaandika kila siku kilichoingia na kilichotoka, na mwisho wa mwezi unabonyeza mahali, inakuchorea duara limekatwa vipande, kila fungu kipande chake. Bibi alipoliona lile duara la mfano akasema, "Kumbe ni chapati." Tangu hapo likaitwa chapati, hata Mwalimu akaliita hivyo. Baba aliizunguka programu ile kwa maswali mengi, mwisho akasema, "Hii ina heshima. Haiulizi isiyoyajua." Tukairuka blada ya ushindi ukumbini, Swaleh naye akaruka, mvulana mzima.

Mwalimu ndiye aliyeyapa mafungu majina, kwa Kiswahili chake cha vitabuni: Chakula, Nyumba, Elimu, Afya, Burudani, Mengineyo. Kila alasiri akitoka kazini, Baba bado yuko kwa mafriji ya watu, tulikaa naye. Swaleh anaandika, Mwalimu anasema hii iende fungu gani, mimi ndiye mpiga mbio wa kati ya ukumbi na jikoni. Maana Mama alikuwa ameinunia kompyuta. Kuitazama hataki, kukaa nayo hataki, akiulizwa anapaza sauti tu huku anakuna nazi. Na stima za wakati ule mwazijua, zilikuwa zikikatika bila kuaga, na ulichoandika kimepotea. Basi tulifundishwa kusevu. Bibi akalipenda neno hilo kuliko sote. Kila taa zikicheza kidogo unamsikia kutoka chumbani, "Sevuni, wanangu! Sevuni!"

Kiswahili cha Mwalimu na chetu vilikuwa vikigongana kila siku. Mama akisema pesa ya chuo, Mwalimu anauliza ni nani nyumba hii aliye chuo kikuu, tunamwambia ni madrasa, ni Maalim wa pale msikitini. Mama akisema nimetoa ubani kwa kina fulani wamefiwa, Mwalimu, aliyekuwa amemwona Bibi na chetezo, anataka kuandika manukato. Tunacheka mpaka tunashika mbavu, tunamweleza kwamba hiyo ni pesa ya kuwafariji wafiwa. Naye hakasiriki, anacheka nasi, anasema huku pwani atarudi darasa la kwanza. Nilifurahi siku zile, jamani. Nilikuwa nikitoka chuoni mbio, juzuu kwapani, nisikose hata kitu kimoja kuandikwa.

Na kila Ijumaa Mama alikuwa akisema, "Andikeni na ya mchezo." Mwalimu anauliza, mchezo? Mama anasema ndiyo, mchezo, anataja kiasi. Mwalimu anaitia Burudani. Hakuna aliyemrekebisha. Mimi niliiona, na nikaona sawa. Mchezo wa Mama nilikuwa nikiujua: wanawake wa mtaa wanakusanyika uani kwa mmoja wao, kuna chai ya tangawizi, kuna bajia na kachiri, na vicheko ambavyo wanaume wakivisikia barazani wanatazamana. Kwangu mimi kama hiyo si burudani, basi burudani ni nini?

Mwezi ukaisha. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Baba hakwenda kazini. Mama alikuwa ametoka mapema, kwenda kusaidia mapishi ya harusi nyumba ya mbele kidogo, upande wa Kisauni. Baba akakaa kiti cha mkono, Bibi kwenye mkeka, sisi tumesimama nyuma, tumebanana. Mwalimu akabonyeza. Kompyuta ikanguruma, ikafikiri, ikafikiri tena, halafu chapati ikatokea rangi tupu, nami nikapiga makofi. Imeweza! Imetuambia! Nikamkumbatia Swaleh.

Baba akasogeza uso karibu na skrini.

"Hiki kikubwa cha rangi nyekundu ndicho chakula?"

"Hapana, mzee. Chakula ni hiki hapa cha kijani. Chekundu ni Burudani."

"Burudani?" Baba akarudia polepole. "Sinema tumekwenda lini? Nani anayeburudika katika nyumba hii kupita anavyokula?"

"Ni zile za michezo, mzee," akasema Mwalimu, naye kwa nia safi kabisa.

Hapo Baba akageuka kumtazama Swaleh. Sasa Swaleh alikuwa na makosa yake. Hesabu zikimalizika alikuwa akibaki kucheza karata kwenye kompyuta, na mara mbili tatu alishaonekana kwenye saibakafe ya Kisauni, ambako kila dakika inalipiwa. Baba akaunganisha moja na moja. Pesa za nyumba zinaliwa na michezo ya kompyuta, na mkono unaozitoa ni wa mwanawe. Alilitamka neno mwizi. Alilitamka mara moja tu, na kwa sauti ya chini, lakini Swaleh alitia mikono mfukoni, macho yamejaa maji. Halafu Baba akasema, "Mwiteni Karama," ambaye tangu asubuhi alikuwa na mkokoteni wake pale kona, akingoja jibu la mwezi.

Nilijua. Bila shaka nilijua pale pale kile kipande ni cha nani. Swaleh naye alijua. Lakini Mama alikuwa ametuapisha. Baba alijua kwamba Mama yuko kwenye mchezo, mwanamke gani wa Bombolulu hakuwa nao, ila alidhani ni ule mdogo wa kununulia masufuria. Hakujua kwamba umekuwa mkubwa vile, wala Mama hakutaka ajue mpaka siku yake ya kupokea; alizitaja ziandikwe akidhani zitajumlishwa tu na nyingine, hakujua kwamba kila fungu lachorwa peke yake. Nikisema, nimeitoa siri ya Mama nje. Nikinyamaza, kaka yangu ni mwizi na kompyuta inakwenda Kongowea. Nikamtazama Bibi, kwa sababu Bibi alikuwa akijua kila kitu. Bibi alifumba macho, akaongeza mwendo wa uradi.

Nikatoka mbio. Viatu sikuvaa. Nilipita kwa muuza maji, nikapita kwenye genge la mboga, nikaingia uani kwenye nyumba ya harusi, wanawake wamejaa, vichwa vimefungwa leso, masufuria ya biriani yanachemka juu ya mafiga, na Mama katikati anamenya vitunguu thomu na kuimba kuliko wote.

"Mama! Baba amemwita Swaleh mwizi! Ni kwa sababu ya mchezo wako, na kompyuta inauzwa!"

Wimbo ukakatika. Mama aliweka kisu chini. Hakuniuliza neno la pili. Alivaa buibui lake akiwa njiani, na mimi nilikuwa nikikimbia kumfuata, yeye anatembea.

Tulipofika, mkokoteni uko mlangoni. Bwana Karama anahesabu pesa, hamali ameshapakia skrini na kasha lake, na zile nguo za Bibi zimeachwa sakafuni. Majirani wametoka, kila mlango una kichwa. Swaleh amekaa barazani, uso ndani ya magoti.

"Shusha," akasema Mama.

Hamali akamtazama Baba.

"Nimesema shusha! Hiyo kompyuta haikusema uwongo na mwanangu hakuiba. Mwalimu, njoo hapa. Mimi nilikwambia zile pesa ni za nini?"

"Za mchezo, Mama."

"Na mchezo ni nini?"

Mwalimu Mutua akatutazama sote. "Si ni... kucheza?"

Wallahi kicheko kilichotoka kwa wanawake wa mtaa ule kilisikika barabara kuu. Mmoja aliketi chini kabisa, anajipigapiga mapaja. Mama peke yake hakucheka. Akamweleza, tena akimweleza Mwalimu lakini macho yako kwa Baba, kwamba kila Ijumaa wanawake hawa wote wanatoa kila mmoja fungu lake, na zote anapokea mmoja, wiki nyingine mwingine, mpaka kila mtu apate. Hicho ndicho kinachoitwa mchezo. "Na sikuburudika nacho hata siku moja. Nimekula ugali mkavu nikakwambia mboga siitaki."

"Mchezo naujua, Zuhura," akasema Baba. Sauti imeshuka. "Lakini ni mkubwa hivyo?"

"Nacheza majina mawili, natoa mafungu mawili."

"La pili la nani?"

Mama akageukia mlango. Kisha ukumbini mtu akakohoa, na sote tukajua ni Bibi.

"Na za nini zote hizo?"

"Za friji," akasema Mama, na sasa sauti ndiyo ikamkatika. "Nataka friji. Nataka nigandishe barafu za ukwaju niuze hapa dirishani, na mimi niwe na changu. Mke wa fundi wa mafriji, nanunua maji baridi dukani! Kila mwaka wewe wanambia nitakutengenezea, nitakutengenezea. Mafriji ya Nyali yote yanagandisha kwa mkono wako, na langu mimi liko uani, kuku anatagia ndani."

Hapo nilimwonea Baba huruma, nawaambia kweli. Alisimama pale mbele ya majirani zake, mikono haijui ikae wapi. Akatazama upande wa uani kana kwamba lile friji lingemsaidia. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na kicheko kilipomtoka kilitoka chote, mpaka akashika ukuta. Mama akajaribu kununa, akashindwa. Baba alimwomba radhi Bwana Karama kwa usumbufu, akampa hamali pesa ya soda. Kisha akaenda barazani akakaa chini pembeni ya Swaleh, akamwekea mkono kichwani, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nimekudhulumu." Sijawahi kumsikia baba mwingine wa enzi zile akimwambia mtoto maneno hayo.

Kompyuta ikarudi ndani, nasi tumeizunguka kwa nderemo, mimi nimebeba mausi peke yake na nimejiona nimebeba nyumba. Mama, kwa mara ya kwanza tangu iingie, alivuta kiti akakaa mbele yake. Akaitazama ile chapati kwa muda mrefu. Alikuwa amebana midomo, na baadaye alinambia kwamba siku ile ndiyo alijiona kwa mara ya kwanza, jasho lake lote limechorwa pale, rangi nyekundu, kila mtu anaona. Halafu akanyoosha kidole.

"Na hiki kipande cha Mengineyo, kinachofuata kwa ukubwa, hiki ni cha nani?"

Baba akatazama saa ukutani, akasema anakwenda msikitini asikose sala ya jamaa. Adhuhuri ilikuwa bado mbali.

Mama alipokea mchezo wake kabla ya Ramadhani. Baba alikwenda naye mwenyewe kulichagua friji, la mtumba, na usiku na mchana alilishughulikia mpaka likagandisha kuliko yale ya hoteli. Barafu za ukwaju za Bi Zuhura zilijulikana mpaka Kiembeni. Fungu likabadilishwa jina, likaitwa Mchezo, na Mwalimu Mutua akaomba naye aingizwe, wanawake wakamkubalia kwa sharti alete bajia zamu yake ikifika. Kompyuta ile ilikaa nasi miaka, mpaka chumvi ya hewa yetu ikavila vyuma vyake vya ndani. Kila mwisho wa mwezi tulikatiana chapati pale ukumbini. Ugomvi ulikuwapo, tena mkubwa, lakini tulikuwa tukigombana tumeelekea upande mmoja, mabega yanagusana, kila mtu anataka kuona.

Sasa mimi nami ni mtu mzima, nakaa Kiembeni, nina mume, nina watoto watatu, na kompyuta iko mezani haina hata kitambaa. Juzi nikasema niweke hesabu za nyumba sawa. Nikaamka na shauku ile ile ya utoto, wallahi. Nikamwambia binti yangu Rayyan, yuko kidato cha tatu, njoo tuchague programu. Akanitazama kwa huruma, jinsi vijana wa leo wanavyotutazama, akasema, "Mami, si udaunlodi tu yoyote, zote ni sawa." Mtoto anayechukua siku nzima kuchagua kava ya simu, huyo ndiye asemaye zote ni sawa!

Nikazichagua peke yangu. Ziko nyingi siku hizi, tena ni nzuri, nisizitie kasoro. Niliyoipata haikuniuliza mbwa wala theluji. Ilisoma yenyewe kila kilichoingia na kilichotoka, ikakipanga, ikakijumlisha, hakuna wa kukimbia jikoni kuuliza wala wa kupiga kelele tusevu. Kabla chai yangu haijapoa, duara limekwisha kuchorwa, rangi zake zang'ara, halina kosa hata moja. Lilikuwa zuri, na mimi nilifurahi kikweli. Nikasimama, nikaita kwa sauti kubwa nyumba nzima isikie, "Njooni! Njooni muone!"

Mume wangu alikuwa sebuleni na simu yake. Wavulana walikuwa chumbani kwao, kila mmoja na yake, masikio yamezibwa. Nikangoja kidogo, nimesimama pembeni ya kiti, nimewaachia nafasi ya kuona. Kisha Rayyan akajibu kutoka chumbani, kwa sauti ya upole kabisa.

"Nitumie skrinshoti, Mami."

Nikamtumia.